Karatasi Moja kwa Nchi Tatu

Mtu tuliyemwita Moniteri hakufumba macho wakati wa sala. Kanisani alifumba kama sisi sote, tena kwa nguvu, mpaka paji la uso likakunjamana. Nasema kule kilimani, kwenye malisho ya ng'ombe juu ya Masisi, ambako Wazungu walirushia ndege zao zisizo na mota. Kila Jumamosi kabla ya kazi, wavutaji wa kamba ya kurushia ndege walivua kofia na mmoja wao akaomba. Moniteri alisimama mbele yao macho wazi, akitazama kamba, akitazama majani yanavyolala kwa upepo. Katekista alipomwonya, alisema Mungu hawezi kukasirikia mtu anayewalinda watu Wake.

"Bote tukifunga macho," alisema, "nani anaangalia kamba?"

Jina hilo la Moniteri lilikuwa lake mara mbili. Siku za juma alikuwa moniteri wa shule ya misheni, yaani mwalimu wa watoto. Na kule kilimani, Wazungu walimwita moniteri mtu yeyote anayefundisha wengine kuruka. Kwa hiyo Jumamosi, mtu akiita "Moniteri!", waligeuka wawili: Mzungu mmoja mwenye kofia ya ngozi, na mwalimu wetu mwenye koti la kahawia lililokwisha viwiko. Baada ya miaka michache akawa anageuka mmoja tu, na hakuwa yule wa kofia.

Mimi nilikuwa mshonaji wao. Nilijifunza kushona kwa masista, na nilikuwa nimeshazoea magauni ya komunyo na kanzu za mapadri siku mwenye shamba aliponiita nitazame bawa lililochanika. Ndege hiyo waliiita planeri, nasi tukaiita hivyo hivyo. Ilikuwa ndefu na nyembamba, mbao ndani na kitambaa juu, nyepesi kiasi kwamba watu wanne waliibeba kama jeneza la mtoto. Haikuweza kuondoka yenyewe. Waliiweka ukingoni mwa kilima, pua ikielekea upepo, wakafunga kamba nene ya mpira puani kwa pete ya chuma. Watu wanane walishika kamba hiyo, wanne upande huu na wanne upande ule, wawili wengine wakashika mkia. Wale wanane walitembea, kisha wakakimbia kuteremka, mpira ukavutika kama wa manati, halafu wa mkiani wakaachia. Planeri iliruka, pete ikaanguka yenyewe, na baada ya hapo hukusikia kitu ila upepo na ng'ombe.

Wale wanane walikuwa wakulima wa kwetu, watu wa maharagwe na mihogo. Walikuja kwa sababu mwenye shamba aliwaita, na mwanzoni walidhani ni mchezo wa Wazungu tu, kama tenisi.

Siku ya kwanza Moniteri kuja kukagua kazi yangu, hakunisalimu hata. Alipitisha kidole juu ya mshono kutoka mwanzo wa bawa hadi mwisho, akirudi nyuma mara mbili. Kisha akaniambia nifumue lote. Nilimuuliza kosa ni lipi, maana hakuna uzi uliolegea. Akasema kosa hakuna, ila hapa nimeacha vidole viwili kati ya tundu na tundu, na pale vidole vitatu, na mshonaji wa Uganda akitaka kuziba kitambaa hiki hatajua afuate kipi. Nilikasirika. Mshonaji wa Uganda! Sikuwahi kumwona wala kumsikia. Nilikuwa nimeinama juu ya bawa lile kwa siku tano, na mume wangu alikuwa ameanza kunung'unika kwamba nimeolewa na ndege.

Nilifumua. Sikulia, ila nilifumua nikimtukana kimoyomoyo kwa Kihunde, lugha ambayo nilijua anaielewa vizuri.

Alikuwa hivyo kwa kila kitu. Kilichomsumbua si kibaya na kizuri, bali kitu kimoja kufanywa namna mbili. Shuleni aliwafundisha watoto wote kuandika tarakimu ya nne kwa namna moja, na mtoto aliyehamia kutoka shule nyingine akaandika nne iliyofungwa juu, alimketisha pembeni mpaka ajifunze ile ya wazi. Lakini usidhani alikuwa mtu wa mpangilio. Nyumba yake ilivuja mvua sehemu tatu. Sahani zake hazikufanana hata mbili. Mkewe, mama mpole aliyezoea kucheka peke yake, aliniambia siku moja tukimenya mihogo: "Anasawanisha inchi tatu, Kongo na Ruanda na Uganda, lakini paa moya imemushinda." Na yeye aliyemfukuza mvutaji kwa kuchelewa dakika chache, alichelewa harusi ya binti yake mwenyewe kwa sababu alisimama njiani kubishana na mwashi kuhusu kina cha msingi wa nyumba isiyomhusu.

Ili umwelewe lazima nirudi nyuma, nieleze habari ya mguu wa mvutaji aliyeitwa Bahati.

Wakati huo kilabu cha planeri kilikuwa cha watu wachache sana. Kiongozi wao alikuwa mwenye shamba, Mbelgiji mnene mwenye sauti ndogo, tuliyemwita Prezida kwa kuwa ndivyo wenzake walivyomwita. Kilima chetu kilikuwa na upepo mzuri wakati wa kiangazi, basi walikuja marafiki zake kutoka ng'ambo za mipaka: mmoja aliyelima kahawa Ruanda, na wengine wawili kutoka Uganda. Kila mmoja alikuwa na breve yake, kitabu kidogo chenye picha na muhuri kinachosema mtu huyu anajua kuruka. Na kila mmoja alikuwa amefundishwa kwake, kwa namna ya kwake.

Moniteri alikuwepo kama mkalimani tu. Prezida alimwomba aje Jumamosi awaambie wavutaji la kufanya.

Siku ile mmoja wa wale wa Uganda aliketi ndani ya planeri. Wanane walikuwa tayari na kamba. Akakumbuka kwamba hajafunga mkanda wa kifua, akainua mkono juu. Kwao, mkono juu maana yake ngojeni. Kwa Prezida, aliyewafundisha watu wetu, mkono juu maana yake kimbieni. Wakakimbia. Planeri ikaruka na mtu ambaye mikono yake iko kwenye mkanda. Bawa la kushoto likashuka, likakamata majani, ndege nzima ikageuka kama mlango, na ncha ya bawa la pili ikampiga Bahati gotini. Bahati alikuwa mtu wa tatu upande wa kulia, baba wa watoto wanne, mlimaji hodari. Nilisikia mfupa ukivunjika, hata pale nilipokuwa nimesimama na sindano zangu.

Walimbeba kwenye machela mpaka dispensari. Mguu ulipona, lakini haukunyooka tena.

Kilabu kikaandika ripoti. Prezida hakuwa mtu mbaya, na nadhani aliandika alichoamini: wavutaji hawakuelewa. Akamtuma Moniteri aende nyumbani kwa Bahati awasomee ndugu zake. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka unga. Moniteri alisimama mlangoni, akaisoma ripoti yote kwa Kifaransa kwanza, polepole, kama anayesoma Injili. Kisha akaikunja.

"Njo hivi," aliwaambia. "Banaandika kama hamukuelewa. Mimi minasema muliambiwa maneno mbili na batu mbili, na mukaelewa yote mbili." Akamgeukia Bahati aliyelala mkekani. "Kaka, muguu yako haikukosa."

Mama mzee wa Bahati alianza kulia, na Moniteri akasimama pale pale mpaka alipomaliza.

Jumamosi iliyofuata alipanda kilimani na kibao cha mtoto wa shule na chaki. Wazungu walikuwa wanakunywa chai. Aliwaomba, kwa adabu sana, waje mmoja mmoja nyuma ya ghala la majani. Aliwatenga kama tunavyotenga watoto wa mtihani ili wasinakiliane. Kila aliyekuja alimuuliza maswali yale yale. Mkono juu ni nini? Mikono miwili? Kitambaa chini? Ni nani anayesema achia, wewe au mtu wa mkiani? Ukiona ng'ombe, unapiga kelele gani? Walikuwa wanne. Alipomaliza aliweka kibao mezani katikati ya vikombe. Katika maswali yote, waliafikiana katika moja tu: kwamba ng'ombe ni hatari.

Prezida alikitazama kibao kwa muda mrefu. Chai yake ikapoa.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa ile tuliyoiita Karatasi Moja. Moniteri aliiandika kwa miezi, akiifuta na kuiandika upya, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili katikati, na padri mmoja akamsaidia Kiingereza. Ilikuwa ukurasa mmoja, na akakataa katakata kuongeza wa pili. Maneno ya kurushia yalikuwa matatu, tembea, kimbia, achia, na yalisemwa kwa Kiswahili hata kama rubani ametoka Ulaya juzi, kwa sababu, alisema, masikio yaliyo mengi ndiyo yanayohitaji kuelewa. Alama za mikono zilikuwa nne. Na chini kabisa kulikuwa na ile kanuni iliyowakera Wazungu kuliko zote: anayeanzisha safari ni mmoja, lakini yeyote aweza kuisimamisha. Mvutaji, mshonaji, mchunga ng'ombe, mpishi aliyeleta chai. Akisema simama, kila kitu kinasimama, na hakuna anayemkaripia hata kama amekosea.

Mimi mwenyewe niliisimamisha mara moja. Niliona uzi umening'inia chini ya bawa. Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kifaranga, lakini wanane walisimama papo hapo. Uzi haukuwa kitu, mabaki tu ya kazi yangu. Rubani alinitazama kwa jicho baya. Moniteri alikuja, akaukata kwa meno, akaniambia, "Muzuri, dada," na katika miaka yote niliyomjua hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata kwake.

Baada ya karatasi ukaja mtihani. Hakuna aliyeshika kamba bila kujibu maswali, na hakuna aliyeketi ndani ya planeri bila kuyajibu pia. Alimwangusha mdogo wake wa damu mara mbili. Mdogo huyo alinuna mwaka mzima, hakuja hata Krismasi. Akamwangusha Prezida. Prezida alichanganya alama ya pili na ya tatu, akacheka, akasema yeye ndiye mwenye kilima. Moniteri alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ndiyo, Bwana. Kilima iko yako," alisema. "Utarudilia Siku ya Posho."

Siku ya Posho ndiyo Jumamosi kwa watu wa kwetu. Prezida alikwenda nyumbani kwa hasira, na wengi wetu tulidhani kwamba Moniteri angepelekwa kwa mtawala, na mtawala wa siku zile alikuwa na fimbo. Lakini Jumamosi Prezida alirudi, akasimama mbele ya wakulima wanane na kusema alama zote nne bila kosa, masikio yamemwiva. Tangu siku ile akawa mtu wa Karatasi Moja kuliko Moniteri mwenyewe. Ndiye aliyeituma kwa wenzake wa Ruanda na Uganda.

Wakaja. Kiangazi cha mwaka uliofuata, vilabu vitatu vilikutana kwenye nyasi zetu kwa siku nne. Prezida aliwaambia wazi kwamba breve za nchi tatu hazifai kitu kama kila moja inamaanisha jambo lingine. Wakabishana saa ngapi angani zinatosha, na kutua mara ngapi, na ni nani anayestahili kufundisha. Hili la mwisho lilikuwa la Moniteri. Alisema kwa Kifaransa, kwa sauti yake ya darasani, kwamba kusawazisha wanafunzi bila kusawazisha walimu ni sawa na kunyoosha maji. Mwanafunzi hufanya alichoona. Basi kwanza walimu wakae pamoja, wafundishwe kwa namna moja, wapimwe na mtu asiye wa kwao.

Na ni yeye aliyewafundisha. Kwa siku nne Wazungu saba na wakuu wa wavutaji kutoka nchi tatu waliketi kwenye madawati ya watoto yaliyobebwa kutoka shuleni, magoti yakigusa videvu. Bahati, na fimbo yake, alikuwa mmojawapo. Moniteri hakumfundisha mtu neno asilomfundisha mwingine. Mzungu mmoja alipomwambia Bahati amwachie nafasi kivulini, Moniteri alihamisha ubao juani, wote wakafuata.

Mwishoni walitia sahihi. Vilabu vitatu vilikubali mambo machache: mtihani mmoja, mafunzo ya namna moja kwa walimu, na mtu akipewa breve na kimojawapo, viwili vingine vitaitambua bila kumpima upya. Kila kilabu kiliahidi kuipeleka breve kwa serikali yake ipigwe muhuri.

Sasa niseme jambo alilolificha kwa muda mrefu. Moniteri alijua kuruka. Kulikuwa na planeri ya viti viwili, na ilipohitaji uzito, Prezida alimweka Moniteri kiti cha mbele badala ya mfuko wa mchanga. Kwa miaka alikuwa mchanga. Alikaa pale, kifimbo cha usukani kikicheza katikati ya magoti yake, akisikiliza. Siku moja Prezida alimwambia akishike kidogo. Baadaye akamwambia akishike mpaka chini. Wakirudi, Moniteri alinawa uso mara nyingi kabla ya kwenda nyumbani. Mkewe alikuja kujua kutoka kwangu, nami nilijua kwa sababu niliona bawa linavyotua. Mkono wake ulikuwa mwororo kuliko wa Prezida.

Basi sahihi za makubaliano zilipokwisha kukauka, Moniteri alisimama akaomba kupimwa apate breve.

Walitazamana. Walimwambia kwa upole kwamba sheria haikumwona mtu kama yeye. Wa Ruanda walisema Kongo itangulie. Wa Kongo wakasema jambo kama hilo huenda lingewezekana Uganda. Wa Uganda wakasema yeye si mtu wa Uganda. Prezida alitazama viatu vyake. Moniteri aliomba wamwandikie hilo neno hapana, kwa barua. Hakuna aliyetaka kuandika.

Tuliteremka kilima pamoja, mimi na mkewe na yeye, akibeba ubao mgongoni. Nilidhani atalia au atatukana. Alitembea mpaka kwenye daraja la miti ndipo akasema, "Leo njo mara ya kwanza inchi tatu zinapatana bila mimi." Mkewe akacheka kwa sauti, akamshika mkono, na nikawaacha watangulie.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kilimani kama kawaida, macho wazi.

Aliyemwondoa kwetu ni mgeni mmoja. Alikuja kutoka mbali, na breve ya ngozi yenye dhahabu pembeni, na sifa zake zilimtangulia. Prezida alikuwa safarini. Mgeni akataka kuruka, na Moniteri akamweleza mtihani. Mgeni akasema hawezi kupimwa na mtu aliyevaa koti kama lile. Akaketi ndani, akafunga mkanda, akainua mkono. Moniteri alitazama wale wanane, nao wakaiweka kamba chini, wakaketi juu ya nyasi. Mgeni alipiga kelele, akatoka, akamsukuma Moniteri kifuani mara mbili. Hakuna aliyeinuka. Planeri ilikaa pale mpaka jua likageuka na upepo ukafa.

Mtawala alimwita Moniteri. Alikaa siku tatu Masisi katika chumba kisicho na dirisha, na alipotoka alitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba maji kichwani. Alichotueleza ni swali moja tu aliloulizwa: nani amekupa amri ya kumzuia Mzungu? Alijibu: muguu ya Bahati.

Mwisho wa muhula shule ikamhamishia Itebero, katika msitu wa Walikale, siku kadhaa za kutembea. Prezida aliporudi alikwenda kumtetea, hakusikilizwa. Siku ya kuondoka Moniteri alimkabidhi Bahati kibao, chaki na kazi ya kupima. Akamwonya jambo moja, kwamba asimpunguzie mtu swali kwa sababu ya urafiki.

Miaka ikapita. Sitasema ni mingapi kwa sababu sikuihesabu. Nilizaa, nikazika mume, nikaendelea kushona mbawa.

Nilimwona Moniteri tena mwaka uliotangulia uhuru. Nilikuwa nimeteremka Kashebere na maharagwe, nibadilishe kwa mawese. Barabara ilikuwa na matope, kamioni zimekwama, watu wamejaa. Mzee mmoja mwembamba alikuwa ameketi juu ya furushi, viatu amevivua na kuvining'iniza shingoni, akimweleza dereva namna ya kufunga mzigo. Nilitambua sauti kabla ya uso.

"Papa Moniteri."

Alinitazama, akatazama mikono yangu. "Mama Furaha. Ungali unaacha vidole mbili?"

"Mbili," nikasema.

Alikuwa anakwenda kwetu. Prezida alikuwa amemwandikia. Kilabu cha Uganda kilikuwa na mpimaji mpya, mtu aliyeisoma karatasi ya makubaliano, akauliza ni kwa nini mwandishi wake hayumo katika orodha ya waliopimwa kwa karatasi hiyo. Mtu huyo angekuwa Masisi juma lile. Moniteri aliomba ruhusa shuleni, akatembea siku mbili. Tulipanda pamoja juu ya kamioni ya magunia, na njia nzima midomo yake ilichezacheza. Alikuwa anajiuliza maswali ya mtihani.

Mpimaji alikuwa kijana mrefu mwenye haya. Alisema sehemu ya alama wangeiruka, maana ni upuuzi kumuuliza mtu kitu alichokiandika. Moniteri alikataa. Bahati ndiye aliyeuliza, ameegemea fimbo, uso mkavu, swali kwa swali, na alipomaliza akaandika alama daftarini bila kutabasamu. Kisha Moniteri akaketi ndani ya planeri ya kiti kimoja, peke yake kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Aliwaamuru wale wanane kwa sauti yake mwenyewe: tembea, kimbia, achia.

Alikaa juu kwa muda nisioweza kuupima. Alizunguka juu ya ukingo, akapanda mpaka tukakunja shingo, akarudi taratibu. Chini bondeni tulikuwa tumetandika vitambaa viwili vyeupe. Sharti ndege isimame kati yavyo. Alikuja vizuri. Lakini ndama mmoja alitoka kwenye mifenesi ya shamba la jirani, akasimama katikati, na Moniteri akamkwepa, akatua ng'ambo ya kitambaa cha pili, kwenye maharagwe. Mti wa uzio ukachana bawa.

Tulikimbia wote. Alikuwa ametoka, anamtazama ndama. Mpimaji alikuwa anacheka kwa furaha, akasema huko ndiko kutua kwa akili kuliko kote alikowahi kuona, na kwamba amefaulu.

"Karatasi inasema kati ya vitambaa," alisema Moniteri.

Mpimaji akaeleza habari ya ndama. Moniteri akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Bahati.

"Kaka, andika. Hakufaulu. Atarudilia."

Bahati alishika kalamu, hakuandika. Macho yalimlengalenga. Nilikumbuka namna mguu ule ulivyolia, na nikajua kwamba laiti ingekuwa mikononi mwake angempa huyu mtu nchi zote tatu. Moniteri akangoja. Bahati akaandika.

Aliniuliza bawa litachukua muda gani. Nikamwambia siku tatu. Nilishona kwa siku mbili, na vidole vyangu viwili vya kulia vilitoka damu. Alipeleka ujumbe Itebero kwamba atachelewa, na siku zile mbili alizitumia kupandisha uzio wa jirani na kumlipia maharagwe yake kwa kumlimia.

Siku ya tatu upepo ulikuwa mkali zaidi. Alirudilia mtihani wote tangu swali la kwanza, kwa sababu hakutaka nusu. Akaruka. Akaja chini juu ya mabati ya ghala, akiteleza upande mmoja ili kupunguza mwendo, akanyoosha, akatua, akasimama. Hakuna aliyepiga makofi mpaka Bahati alipopima kwa hatua zake mbovu kutoka kitambaa hiki na kutoka kile. Ilikuwa katikati.

Mpimaji akaitia breve sahihi juu ya boneti ya gari. Akauliza, kwa wasiwasi kidogo, breve ipelekwe kwa serikali gani ipigwe muhuri, akijua majibu yaliyopita.

"Peleka kwa zote tatu," Moniteri akasema. "Moya ikikubali, kilabu za zile zingine zilisha kutia sahihi."

Hakusubiri chakula. Watoto wa Itebero walikuwa wamekaa siku nane bila mwalimu. Tulimsindikiza mpaka mwisho wa malisho, akavua viatu, akavifunga kwa kamba, akaanza kuteremka. Sikumwona tena.

Habari ya mwisho niliipata kwa padri aliyepita Itebero miezi michache baadaye. Ndiye aliyempelekea bahasha. Mbili katika nchi zile hazikujibu. Moja ilijibu, na muhuri ulikuwemo. Padri alisema Moniteri aliifungua amesimama mbele ya darasa, akaisoma mara mbili, akaitia katika mfuko wa koti. Kisha akawaambia watoto wafute vibao vyao, kwa kuwa wengi wao walikuwa wameandika nne iliyofungwa juu.